Vita havikusimama mwanangu, njia ndo zilifunguliwa

Mwanangu mpendwa,

Huku hatujambo, mama yako anakusalimia sana. Umeniuliza kwenye meseji kama ni kweli Wagiriki wa kale walikuwa wanasimamisha vita vyote kwa ajili ya Olimpiki, maana mtangazaji kasema hivyo kwenye TV na nyie mkabishana. Hapana, havikusimama, ila ngoja nikueleze vizuri maana hapo ndo utaona michezo kwao ilikuwa na uzito gani.

Ugiriki ya wakati ule haikuwa nchi moja, ilikuwa miji mingi, kila mmoja na jeshi lake na ugomvi wake, Athens, Sparta, Thebes, Argos. Sasa kila baada ya miaka minne, tangu 776 KK kwa hesabu yao wenyewe, mji wa Elis uliokuwa unasimamia Olympia, pale michezo ilipofanyika, ulituma wajumbe kila kona kutangaza amani takatifu. Amani ile ilikataza jeshi kuingia ardhi ya Elis, na ilikataza mtu yeyote kumgusa mwanamichezo au mtazamaji akiwa njiani kwenda au kurudi. Basi, huko kwingine waliendelea kuuana kama kawaida. Lakini hebu fikiria, adui yako anakatiza kwenye mpaka wako, unamwona kabisa, na unamwacha apite kwa sababu anaenda kwa Zeus, mungu wao mkuu. Maana ile ilikuwa ibada mwanangu, watu walikimbia na kupigana mieleka kwenye sikukuu ya mungu wao, na haikuahirishwa hata 480 KK wakati Waajemi wameshaingia nchini na watu wanakufa pale Thermopylae.

Na ukivunja unaadhibiwa. Mwaka 420 KK Elis waliwashtaki Sparta kwamba wameleta jeshi kwenye ardhi yao amani ikiwa imeshatangazwa, wakawapiga faini ya mina 2 kwa kila askari, jumla mina 2,000, na mina moja ni drakma 100 wakati fundi alikuwa anapata kama drakma moja kwa siku. Sparta wakagoma kulipa wakisema walikuwa hawajapata taarifa, basi wakafungiwa, hakuna sadaka hakuna mashindano. Sparta hao hao waliokuwa wanaogopwa kote! Kulikuwa na mzee wao mmoja mwenye mali, Lichas, akaingiza farasi wake kwa jina la watu wa Boeotia, eneo jingine la Ugiriki, gari lake la farasi likashinda, wakatangazwa Boeotia, yule mzee uzalendo ukamshinda akaingia uwanjani akamvisha taji dereva wake ili watu wajue gari ni la nani, na wasimamizi wakamtandika bakora mbele ya umati. Siku ile Elis walikaa na silaha mkononi muda wote wakihofia Sparta watavamia, hawakuvamia.

Inayoniuma ni ya 364 KK. Arkadia, majirani wa Elis, walikuwa wameiteka Olympia wakawa wanaendesha michezo wenyewe pamoja na watu wa Pisa, mji wa hapo karibu na Olympia, mashindano ya farasi yameisha, wale wa michezo mitano wameshamaliza kukimbia wanashikana mieleka karibu na madhabahu, mara Elis wenyewe, walinzi wa amani ile, wakaingia na jeshi. Wakapigana mle mle ndani ya eneo takatifu, wengine wanarusha vitu kutoka juu ya mapaa. Mtu akikwambia vita vilisimama mtajie huo mwaka.

Kwa hiyo kwenye ubishi wenu wewe ulikuwa sawa, ila na yule mwenzako usimcheke, maana hiyo heshima ya njia ilikuwepo kweli na mara nyingi ilishikwa.

Ile ya pili uliyouliza, kuhusu wanawake, ni ndefu, kuna binti wa kifalme wa Sparta anaitwa Kyniska alishinda kwa farasi wake 396 KK na tena 392 KK. Nipigie jumapili jioni tuongee.

Baba yako