Mgombea Anaahidi Dizeli ya Mbono: Tumuulize Nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mgombea mmoja wa ubunge aliyefika kijijini kwetu alisema kwamba akichaguliwa, wakulima wa Lindi na Mtwara watalima mbono (jatropha) ili mbegu zake zikamuliwe dizeli, na kwamba dizeli hiyo pamoja na gesi yetu, ambayo aliiita nishati jadidifu, itaiwezesha nchi kuacha kuagiza mafuta nje. Mimi ni mkulima wa korosho na ufuta, nina ekari saba. Je, msimamo huo una uzito gani? – Msomaji, Nachingwea.

JIBU: Ndugu msomaji, shida aliyoitaja mgombea huyo ni ya kweli. Petroli na dizeli tunazotumia huagizwa kutoka nje, na mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, gharama ya kusafirisha kila kitu, pamoja na salfa ya mikorosho yako, ilipanda bila sisi kuwa na la kufanya. Mwanasiasa anayetaka tuondokane na hali hiyo anastahili kusikilizwa.

Hata hivyo, gesi asilia si nishati jadidifu, yaani ile inayojirudia bila kwisha, kama jua au upepo. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ya Mnazi Bay mwaka 1982, na kila inayochomwa haitarudi kisimani. Ni mali yetu ya ndani, na hilo ni jambo kubwa, lakini mali inayokwisha huhitaji mpango wa siku itakapokwisha. Tena gesi hiyo kwa sehemu kubwa huzalisha umeme, kama lifanyavyo bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, wakati lori linalobeba korosho zako linatumia dizeli. Mgombea anayechanganya umeme na mafuta ya magari katika ahadi moja hajafafanua ni nini hasa atakachokipunguza.

Kuhusu mbono, mkoa wako una kumbukumbu mbili ambazo ningependa azijibu. Ya kwanza iko hapo hapo Nachingwea: baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mashamba makubwa ya karanga ili ipate mafuta ya kula, ikajenga reli kutoka Mtwara, na mwaka 1951 mpango ukaachwa kwa hasara kubwa, baadaye hata reli yenyewe iling'olewa. Ya pili ni ya Kilwa, ambako mnamo mwaka 2008 kampuni ya Kiholanzi ilipewa zaidi ya hekta 30,000 kwa ajili ya mbono, lakini mradi ukafa mapema. Ninaisisitiza hii ya pili kwa sababu ya sheria: ili mwekezaji wa nje apewe ardhi ya kijiji, kwanza ardhi hiyo huhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani ile iliyo chini ya serikali kuu na si ya kijiji tena, na mradi ukifa, ardhi hiyo hairudi yenyewe mikononi mwa kijiji. Wanaobaki wakihangaika ni wanakijiji, si aliyetoa ahadi jukwaani.

Mbono hustahimili ukame, ndiyo maana husifiwa kuwa unakubali ardhi duni. Lakini kustahimili si kuzaa sana. Mmea uliopandwa penye udongo mbaya na mvua haba hutoa mbegu chache, na mkulima anayetaka mavuno ya kuuza hulazimika kuuhamishia kwenye udongo mzuri, yaani pale penye ufuta wako.

Kwa hiyo mgombea akirudi, mwombe aeleze mbele ya watu ni kiwanda gani kitakachonunua mbegu na kwa bei ipi ikilinganishwa na ufuta, kama mbono utapandwa mipakani mwa mashamba au utachukua ardhi ya kijiji, na ardhi itakuwa ya nani mnunuzi akiondoka. Mwulize pia atakalolifanya mwenyewe, maana mbunge mmoja hapangi bei ya mafuta, bali anaweza kupeleka hoja bungeni na kuhoji bajeti ya nishati kila mwaka. Kama majibu yake yatahusu ekari zako saba na si taifa kwa jumla tu, utakuwa na cha kupima.