Hiace inachemsha mlimani: usikimbilie kununua rejeta

Ndugu yangu uliyeuliza, umesema Hiace yako ya dizeli inachemsha ikipanda na abiria kutoka Mkoani kwenda Chake huko Pemba, na fundi kakwambia utoe themostati (vali ndogo inayofunguka kwa joto kupeleka maji kwenye rejeta) na ununue rejeta mpya. Hilo la themostati likatae kabisa. Injini nyingi za Toyota zina njia ya pembeni ya maji, ambayo themostati huifunga injini ikishapata moto. Ukiitoa, njia inabaki wazi na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kama imekufa funga mpya, bei yake ndogo. Ijaribu kwanza kwenye sufuria jikoni: ya nyuzi 82 lazima ifunguke kabla maji hayajachemka.

Gari inayochemsha mlimani tu, mimi huanza na upepo. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito kidogo. Ikijizungukia yenyewe raundi kadhaa, klachi ya feni, yaani kiungo kinachoishika na kuizungusha, imekwisha. Chungulia pia baina ya kondensa ya AC na rejeta, huko hujaa mchanga na majani makavu. Osha kwa mpira wa maji ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya presha hulaza mapezi membamba ya rejeta, usiilete karibu.

Halafu fungua kifuniko cha rejeta asubuhi, gari ikiwa baridi kabisa. Hapa Unguja nimeona rejeta nyingi zenye ukoko mweupe mdomoni, mgumu mpaka uukwangue kwa bisibisi. Ni chokaa ya maji ya kisima, maana visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Huko ndani mirija nayo imeziba hivyo hivyo. Rejeta ya shaba hufunguliwa, ikazibuliwa na kuchomelewa tena. Ya alumini yenye vichwa vya plastiki ikipasuka badilisha tu, gundi haiaminiki kwenye gari ya abiria.

Kifuniko chenyewe watu hukidharau! Kizima cha presha ya bar 0.9 hufanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Mpira wake ukikauka, faida hiyo imepotea.

Ukiwasha injini kifuniko kikiwa wazi na mapovu yakatoka mfululizo, simamisha kazi. Hiyo huenda ni gasketi ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku) imeungua, na rejeta mpya haitakusaidia kitu.

Ukishafunga rejeta, tia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu kwa nusu na maji ya betri yasiyo na asidi, au ya mvua yaliyokingwa safi. Baridi ya kugandisha maji hatuna, lakini kulanti huzuia kutu pia. Egesha pua ikiwa juu, fungua hita, acha injini iungurume hadi hewa itoke yote. Kesho yake ikiwa baridi ongeza kilichopungua, kisha ipeleke mlimani bila abiria ukiangalia mshale wa joto.