Mrudishieni Mama Sahani Yake

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 74, na mwaka jana alikutwa na ugonjwa wa Alzheimer. Kaka yangu alisoma kwamba ugonjwa huu unaletwa na protini zinazojikusanya kwenye ubongo. Tangu hapo tumemwondolea mama vyakula vyote vyenye protini. Sasa ni mwezi wa nne, amekonda hadi nguo zinamvuka. Tumemnunulia pia vidonge tulivyoambiwa vinasafisha protini kichwani. Naomba unieleze: hizo protini zimetoka wapi, na kwa nini zimekwama humo ndani? Ni mimi, Kitinda Mimba.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: mrudishieni mama sahani yake leo hii. Protini inayotajwa katika ugonjwa huu haitoki kwenye chakula. Mtu akila protini, tumbo na utumbo mwembamba huimeng'enya mpaka ikawa asidi amino, na hizo ndizo zinazoingia kwenye damu. Ile ambayo kaka yako aliisoma inaitwa amiloidi beta, nayo ni kipande kinachokatwa kutoka kwenye protini kubwa zaidi ambayo seli za ubongo zinaitengeneza zenyewe. Hata mama asipogusa protini mwaka mzima, seli zake hazitaacha kuitengeneza. Anachopoteza ni misuli, na mtu mzima asiye na misuli huanguka. Ikiwa daktari wake aliwahi kumpunguzia protini kwa sababu ya figo, hilo ni jambo jingine, rudini kwake. Kaka yako msimlaumu. Alisoma kweli, ila neno ni moja na mambo ni mawili.

Vidonge hivyo vya kusafisha protini acheni. Hakuna kidonge cha kumeza kilichothibitishwa kusafisha protini za ubongo, na fedha hiyo ina kazi nyingine hapo nyumbani.

Sasa nije kwenye lile la kukwama. Umenigusa kwa kuuliza hivyo, kwa kuwa wengi huishia kwenye jina la protini tu.

Nilipokuwa mwanafunzi nilikesha usiku mmoja kwenye chumba chenye giza, nikitazama kwa hadubini seli ya neva ya panya iliyooteshwa kwenye kisahani. Ndani ya uzi wake mrefu vilipita vifuko vidogo vilivyotiwa rangi inayong'aa, vingine vikienda, vingine vikirudi. Kimoja kikasimama. Vilivyofuata vikarundikana nyuma yake, na mahali pale uzi ukatuna. Nilikuwa nimekwisha kuyasoma hayo vitabuni na kuyajibu kwenye mtihani, lakini usiku ule ndipo nilipoyaelewa.

Seli ya neva ina kiwiliwili kidogo mno, ila uzi wake, yaani aksoni, waweza kwenda mbali. Uzi unaotoka gamba la ubongo hadi chini ya uti wa mgongo hufikia karibu nusu mita, na ule unaotoka uti wa mgongo hadi kwenye unyayo hufikia mita nzima. Protini nyingi hutengenezwa kwenye kiwiliwili, kumbe zinahitajika huko mwisho, ambako seli inazungumza na seli jirani. Lazima zichukuliwe. Mwaka 1948 Paul Weiss na Helen Hiscoe waliibana neva ya mnyama, wakakuta imetuna upande mmoja tu wa kibano, ule wa kwenye kiwiliwili. Walipoiachilia, shehena iliendelea na safari. Hivyo ndivyo ilivyojulikana kuwa ndani ya neva kuna kitu kinachosafiri.

Nani anayebeba? Mwaka 1985 Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz walimpata mmoja wa wapagazi hao katika aksoni nene ya ngisi, wakamwita kinesini. Ni protini yenye miguu miwili. Hukanyaga juu ya mirija myembamba inayoitwa mikrotubuli, mzigo ukiwa mgongoni, na kila hatua moja ni nanomita 8 (nanomita ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni). Piga hesabu: mita moja ni hatua milioni 125, na kila hatua inakula molekuli moja ya nishati. Mpagazi mwingine, daineini, ndiye anayerudisha kwenye kiwiliwili vile vilivyochakaa ili vikavunjwevunjwe. Mizigo ya haraka husafiri hadi milimita 400 kwa siku. Ile ya polepole, kama protini za kujengea kiunzi cha seli, huenda milimita chache tu, nyingine hata moja haifiki. Kwa mwendo wa milimita moja kwa siku, mita moja ni safari ya karibu miaka mitatu! Na seli hizi hazibadilishwi kama zile za ngozi. Nyingi alizonazo mama leo alizaliwa nazo.

Mirija hiyo huimarishwa na protini iitwayo tau, iliyogunduliwa mwaka 1975 katika maabara ya Marc Kirschner. Tau huishikilia mirija kama kamba zinavyoshikilia fito. Katika ugonjwa wa mama yako, tau hubandikwa vipande vya kemikali viitwavyo fosfeti kupita kiasi, ikaachia mirija, ikajisokota yenyewe kwa yenyewe mpaka ikawa fundo. Hapo seli imepata hasara mara mbili: njia imelegea, na fundo limeziba. Alois Alzheimer aliyaona mafundo hayo katika ubongo wa mgonjwa wake Auguste Deter, akayasimulia mbele ya madaktari wenzake huko Tübingen, Ujerumani, mwaka 1906. Aliona pia kwamba mahali pengine seli ilikuwa imetoweka kabisa na fundo peke yake ndilo lililobaki. Kila nikiifikiria picha hiyo hunihuzunisha.

Amiloidi nayo ina habari yake ya usafirishaji, na hii ndiyo ninayotamani ijulikane zaidi. Ile protini kubwa inayokatwa, iitwayo APP, huchukuliwa kutoka ukingoni mwa seli ikaingizwa kwenye vituo vya kupangia mizigo viitwavyo endosomu. Humo ndani mna kimeng'enya kinachoikata. Sasa kuna kikosi cha protini kiitwacho retroma ambacho kazi yake ni kuiopoa APP kituoni na kuipeleka kwingine. Kikosi kikiwa kamili, APP haikawii pale. Kikipungua, inakaa na mkataji wake muda mrefu, na vipande vya amiloidi vinaongezeka. Mwaka 2005 Scott Small na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichunguza ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Alzheimer, wakakuta protini za retroma zimepungua katika eneo lile lile ambako ugonjwa huanzia. Kwa hiyo kipande chenyewe ni cha kawaida, hata mimi na wewe tunacho. Balaa linaanza pale kinapozalishwa zaidi kuliko kinavyoondolewa. Haba na haba, miaka kumi na mitano au ishirini kabla mama hajasahau jina la mtu.

Wapo wanaozungumza kana kwamba amiloidi ndiyo hadithi nzima. Sikubaliani nao. Mwaka 1998 ilionekana kwamba hitilafu kwenye jeni ya tau peke yake yaweza kuleta dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, bila amiloidi kuhusika.

Kuhusu dawa: Marekani iliidhinisha lecanemab mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024. Zote hutolewa kwa sindano, huondoa amiloidi, na hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo kwa walio katika hatua za mwanzo. Zaweza pia kuleta uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo, hivyo hazitolewi bila kupigwa picha za MRI mara kwa mara. Dawa ya kuwainua wapagazi wenyewe bado haijaidhinishwa.

Nawe hakikisha mama amepimwa vitamini B12 na tezi ya shingo, na dawa zote anazomeza zimepitiwa upya. Upungufu wa vitamini hiyo, tezi isiyofanya kazi sawasawa, au baadhi ya dawa, huweza kuuzidisha usahaulifu, na hayo yanatibika. Akikuuliza jambo lile lile mara ya kumi, mjibu kama la kwanza, kwa sababu kwake ni la kwanza. Bibi yangu aliniita kwa jina la dada yake kwa miaka miwili. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, naye alikuwa akilia. Nilipoanza kuitika, alitulia.

SWALI: Daktari, baba yangu alianza kusahau akiwa na miaka 78. Je, nami nitarithi? Nina miaka 45.

JIBU: Si lazima. Hitilafu za jeni zinazosababisha ugonjwa moja kwa moja, yaani za APP, PSEN1 na PSEN2, zinahusika na chini ya mgonjwa mmoja katika kila mia wa Alzheimer, na kwa kawaida huwapata watu kabla ya miaka 65. Baba yako alichelewa sana kuwa miongoni mwao. Ipo jeni ya APOE4 inayoongeza uwezekano, lakini wengi wanayo na hawaugui. Mwaka 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, na kukadiria kuwa karibu asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwa umri wako la kwanza ni shinikizo la damu: lipime wiki hii. La pili ni masikio. Kama watu wa nyumbani wanakulalamikia kuwa unaongeza sauti ya redio, nenda ukapimwe, na ukipewa kifaa cha kusikia, kivae.