Shangazi, mke wangu anafanya mzaha na malengo ya familia

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mume na baba wa watoto wawili. Mwaka huu niliamua familia nzima tubadilike. Nimebandika ratiba sebuleni, kila mtu ana malengo na alama zake, na kila Jumapili jioni tunakaa kikao cha tathmini. Mimi nilichagua kujifunza Kifaransa. Mke wangu, mtu mzima wa miaka 38, akachagua kujifunza baiskeli! Anaanguka, anacheka, na watoto wanampa alama kwa namna alivyoanguka. Kikaoni pia anacheka. Nikirudi jioni watoto wananisalimia haraka kisha wanakimbilia kwake. Mimi nimeshaanza upya siku 21 za nidhamu mara nne, maana nyumba yenye kelele hivi haimpi mtu utulivu. Nimfanyeje aelewe kwamba maisha si mchezo?*
*Baba Malengo*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu, kuanza upya mara nne kunachosha. Pole yangu imeishia hapo.

Nimeisoma barua yako nikitafuta kosa la mkeo, sijaliona. Nilichokiona ni kwamba umesimulia kuanguka, ukasimulia na vicheko, lakini hukusema kama baiskeli sasa anaiweza. Anaiendesha, sivyo? Na Kifaransa chako kimefika wapi? Umekitaja mara moja tu, kisha ukahamia kwenye kelele za nyumbani. Nyani haoni kundule.

Halafu hizo siku 21. Mwaka 1960 daktari mmoja wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji siku 21 hivi, kwa uchache, kuizoea sura mpya. Watu wakaigeuza kuwa sheria ya kila tabia. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipowafuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walikadiria wastani wa siku 66: wepesi 18, wazito hadi 254. Na aliyekosa siku moja hakuharibikiwa na kitu cha maana. Wewe ukikosa siku moja unabomoa jengo zima na kurudi kwenye msingi, kisha unamlaumu mwenye kucheka.

Mkeo akianguka anajipangusa vumbi na kupanda tena. Nani kati yenu ana nidhamu? Kicheko ndicho kinachomrudisha kwenye baiskeli, kwa sababu kosa lisilo na adhabu mtu haogopi kulirudia mpaka apate. Wewe Kifaransa unakisema mbele ya nani? Nakisia hakuna mtu. Unangoja kinyooke kwanza ndipo ukitoe hadharani, na hakitanyooka bila kupindapinda mbele za watu, tena watu watakaokucheka.

La watoto kukukimbia ndilo limenigusa, ingawa umelipitisha kama jambo dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanasayansi Jaak Panksepp aligundua kwamba panya wadogo wakitekenywa hutoa sauti nyembamba sana ambayo masikio yetu hayaisikii, ile ile wanayoitoa wakicheza wao kwa wao. Wakishatekenywa, wanaufuata mkono ule ule. Panya, mwanangu! Basi wanao wamfuate nani, mwenye kuanguka na baiskeli akicheka nao au mwenye kalamu nyekundu?

Ndoa za siku hizi zinanishangaza. Watu wanaoana kwa vifijo, baada ya miaka michache wanaongea kwa ratiba. Mume anampa mke maoni ya maboresho, mke anamtumia mume video za watu waliofanikiwa. Wote wanajiendeleza, hakuna anayependeza kukaa naye. Anayecheka nyumbani anaitwa hana malengo, na anayenuna anaitwa makini. Wazee walisema kazi na dawa, nanyi mmebaki na kazi tupu mkidhani ndiyo utu uzima. Sisemi kila kitu kiwe utani. Mtu akifiwa, akidaiwa au akiugua, utani unawekwa kando, na mkeo sidhani kama hajui hilo. Lakini kujifunza baiskeli? Kujifunza salamu za Kifaransa? Humo usipocheka utacheka lini?

Sasa sikiliza. Ondoa alama za watoto ukutani leo. Wanapimwa vya kutosha shuleni. Jumapili hii hakuna kikao. Mwombe mkeo akuchukue kwenye baiskeli yake, na kama kweli bado haiwezi vizuri mtaanguka wote, watoto wawape alama. Usiku, mezani, sema sentensi tano za Kifaransa kwa sauti, na watakaporudia matamshi yako wakivunjika mbavu usiwasahihishe. Siku utakayokosa, kesho yake endelea ulipoishia, bila kurudi siku ya kwanza.

Na hiyo barua ulimwonyesha mkeo kabla ya kunitumia? Mwonyeshe. Akicheka, usiniandikie tena kumshtaki.