Ukilinganisha lahaja za Kiestonia na Kiromania, usianze na msamiati

Tikitimaji mjini Bucharest ni "pepene verde", katika eneo la Moldavia ni "harbuz", na katika eneo la Banat ni "lubeniță". Ukikusanya maneno ya aina hii daftari litajaa haraka, nawe utaamini kwamba Waromania hawaelewani. Wanaelewana vizuri. Tofauti zao nyingi ni za matamshi, na kanuni chache tu zinatosha kuzifuata. Moldavia "bine" (vizuri) husikika "ghini", na "picior" (mguu) huwa "chicior", ambamo "chi" husomwa karibu na "ki". Banat, t ya "frate" (kaka) hulainika ikaelekea ch, kama mtele wa Mvita na mchele wa Unguja. Kwenye sarufi, angalia hasa eneo la Oltenia: tendo la leo husemwa "făcui" (nilifanya), mahali ambapo wengine husema "am făcut".

Estonia ni habari nyingine. Lugha sanifu imejengwa juu ya lahaja za kaskazini, upande wa Tallinn. Kusini zipo lahaja za Võro, Seto, Mulgi na Tartu, na huko mabadiliko hufika hadi kwenye viungo vya sarufi. Tazama Kivõro: "küla" (kijiji) ni "külä", kwa kuwa irabu za neno moja hulingana kwa aina; "kalad" (samaki wengi) ni "kalaq", q ikiwa mkato wa kooni; "metsas" (msituni) ni "mõtsan". Hata kukanusha hugeuka: "ei ole" (si, hakuna) huwa "olõ-õiq", kikanushi kikija nyuma ya kitenzi. Ndiyo maana wengi hukihesabu Kivõro kuwa lugha kamili, nami nakubaliana nao. Kusini kulikuwa na maandishi mapema pia: Agano Jipya la kwanza, la mwaka 1686, lilikuwa la kusini. Biblia nzima ya 1739 ilitoka kwa lugha ya kaskazini, ikaipa kaskazini nguvu.

Kwa hiyo andaa sentensi zilezile kumi kwa kila eneo: mbili za kukanusha, mbili za wingi, tatu za mahali, tatu za wakati uliopita. Rekodi wazee kwa wazee, vijana kwa vijana. Ukimweka bibi wa Võro kando ya kijana wa Tallinn utapima umri pamoja na lahaja. Tena usiipe kila tofauti uzito sawa. Watu wa kisiwa cha Saaremaa hutamka õ kama ö. Sikio huinasa mara moja, lakini sentensi hubaki ileile.