Kaka tumemzika Goma, mama yuko Kigoma hajaambiwa: tunapata dhambi?

SWALI: Shehe assalaam alaykum. Mimi nipo Goma. Kaka yangu alipigwa risasi wiki ile waasi wa M23 walipoingia mjini, mwisho wa Januari 2025, tukamzika hukuhuku. Mama yuko Kigoma pamoja na mke wa kaka na watoto wake, wao walivuka mapema. Mama ana presha, sa wakubwa wa familia wakasema tumwambie kaka kasafiri na simu yake imeharibika. Ni wiki ya tatu, kila siku anapiga. Alafu ndugu walioko Ulaya wananisumbua kwenye grupu la familia niwatumie video, niseme askari wamekaa wapi na jirani gani anashirikiana nao. Nikikataa wanasema nakata undugu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah dada yangu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, Allah amghufirie kaka yako. Meseji yako nimeisoma mara mbili na imeniumiza sana.

Nianze na mama. Kumwambia mtu kasafiri na nyie mmeshamzika, huo ni uongo, hata kama wakubwa wameufanya kwa huruma, na mimi sina shaka ni huruma. Kuchelewesha kidogo mpaka mpate njia nzuri ya kumwambia, hapo hakuna tatizo. Ummu Sulaym, sahaba wa kike wa Mtume (s.a.w.), mtoto wake alifariki mumewe Abu Talha hayupo, aliporudi akauliza mtoto anaendeleaje, akamjibu ametulia kuliko alivyokuwa, akampa chakula, alafu baadae akamwambia taratibu kwa mfano wa watu walioazimwa kitu na mwenyewe akaja kukichukua. Sasa angalia, hakusema uongo, na alisubiri usiku mmoja tu, nyie mnaingia wiki ya nne.

Na kuna haki za watu humo ndani ambazo naona wakubwa hawajazifikiria. Wifi yako yuko kwenye eda (muda wa mjane kusubiri kabla ya kuolewa tena) bila kujua, miezi minne na siku kumi, na kwa wanazuoni walio wengi inahesabiwa kuanzia siku mumewe alipofariki, sio siku atakayopata habari (kama ana mimba ni mpaka ajifungue). Mama naye ni mrithi, ana moja ya sita yake maana marehemu ameacha watoto. Na dua ya mama kwa mwanae, mnamnyima kaka yenu hiyo dua mpaka lini jamani?

Ya grupu sasa. Kuwapa ndugu hali ya nyumbani, nani mzima nani mgonjwa, chakula kipo au hakipo, hiyo ndo silatu rahim yenyewe, yaani kuunga undugu, na una thawabu kila unapowasha data. Lakini Suratun Nisaa aya ya 83 imewalaumu watu ambao ikiwafikia habari ya amani au ya khofu wanaitangaza tu badala ya kuwarudishia wenye kujua. Hatib bin Abi Balta'a alikuwa sahaba aliyepigana vita vya Badr, familia yake iko Makka haina wa kuilinda, akawaandikia Makureshi barua kuwapa siri ya safari ya Mtume (s.a.w.) ya kuiendea Makka ili wamtunzie watu wake, mwanamke akaificha kwenye nywele, akina Ali wakatumwa wakaikamata njiani. Mtume alimsikiliza na akamsamehe, ila kitendo kikashukiwa na aya, mwanzo wa Suratul Mumtahana. Kuipenda familia halikuwa kosa lake, kosa ni kwamba alitoa siri ambayo ingeweza kugharimu damu za wengine. Kwahiyo askari wako wapi usiandike, jirani kashirikiana na nani usiandike kabisa, hata kama unahisi unajua, maana simu ikikamatwa au mtu akifowadi huko Ulaya ni huyo jirani atakayefuatwa usiku. Video za maiti pia usitume, yule ni mtoto wa mtu.

Kwa mama tafuteni mtu mmoja anayemheshimu pale Kigoma, ndugu au imamu wa msikiti wao, aende mwenyewe asubuhi akiwa na mwanamke wa karibu na dawa za presha ziwe pale, awaambie mama na wifi yako pamoja. Wakitaka wamswalie swala ya ghaibu (ya maiti aliye mbali), kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii inafaa. Wewe usipige kwanza. Subiri wamalize kulia, alafu piga uongee na mama mwenyewe, mwambie nani alimuosha, nani alimswalia na kaburi lake liko wapi, maana hayo ndo atakayokuuliza.