Shetland mwezi Septemba: achana na majabali, tazama maji

Anayefika Shetland, visiwa vya kaskazini mwa Scotland, mwishoni mwa Agosti kutafuta pafini, ndege wa baharini, kwenye rasi ya Sumburgh Head, hukuta majabali yamebaki na chokaa ya vinyesi tu. Pafini wamekwisha rudi bahari kuu, na buabua wa Aktiki wameshika njia ya kusini, kuelekea Antaktika. Mapukutiko yenyewe huku hayana cha kupukutika, maana miti ni haba. Dalili ya msimu ni mwanga: mwanzoni mwa Septemba jua la Lerwick, mji mkuu wa visiwa hivi, huzama kama saa 2 usiku, na mwezi ukiisha huzama kama saa 12 na dakika 40 jioni.

Kwa fisi maji, hata hivyo, huu ndio wakati wenyewe. Watoto wao wengi huzaliwa katikati ya majira ya joto na kukaa shimoni miezi miwili hivi, kwa hiyo Septemba mama huanza kuwaleta ufukweni. Huku huvua mchana, kwa sababu samaki wadogo wanaowapenda hujificha chini ya mwani wakati huo na ni rahisi kuwakamata.

Panga siku yako kwa jedwali la maji, saa ya mkononi iache. Uwe umekaa mahali pako saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, usiondoke mpaka yaanze kujaa. Mtu wa pwani yetu asitarajie bamvua ya Zanzibar: tofauti ya maji hapa ni kama nusu ya ile, na ufuo unaobaki wazi ni mwembamba.

Mahali pazuri, kisiwani Yell kwa mfano, ni pale kijito cha maji baridi kinapoingia baharini. Fisi maji hana tabaka nene la mafuta kama sili. Joto lake analihifadhi kwa manyoya, na manyoya yenye chumvi hayashiki joto, kwa hiyo lazima ayasuuze. Tafuta vichuguu vya nyasi za kijani kibichi kuliko za jirani. Hapo ndipo wanapoacha kinyesi, chenye miba ya samaki.

Ukimwona, kaa upande wa demani, upepo ukupige usoni, maana pua yake ni kali kuliko macho yake. Akizama, sogea, akiibuka, ganda kama jiwe. Mbizi moja ni kama sekunde 20, basi tembea hatua chache tu, na usisimame juu ya kilima ukaonekana dhidi ya anga. Kosa la wengi ni kumkimbilia anapopanda nchi kavu. Tulia: samaki mdogo humla majini, mkubwa humleta mwambani, na akiwa na watoto huwaletea hapo hapo. Mluzi mwembamba, mkali, ni mtoto anayemwita mama. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi ya milimita 42) inatosha.

Sili wa kijivu huanza kuzaa Septemba ikielekea Oktoba. Mtoto huzaliwa na manyoya meupe, kilo 14 hivi, na hunyonya kama siku 18, kisha mama humwacha. Ukimkuta peke yake usimhesabu yatima, wala usimsukume majini: manyoya hayo meupe si ya kuogelea. Kaa mbali, mita 100 au zaidi. Sili wakiinua vichwa kukutazama umeshakaribia mno, rudi taratibu. Kundi likikurupuka, watoto hukanyagwa. Na mtoto huyo anauma, tena jeraha lake huoza vibaya.

Barabarani utakutana na makinda ya falma, ndege mwingine wa baharini, manene hata kuruka hayawezi. Wapishe tu. Hutema mafuta yanayofika zaidi ya mita moja, na jaketi likilowa, harufu haitoki kwa kufua mara moja wala mbili.